Jiliwa Lililomuuma Baba Kabla ya Futari

Nyumba yetu ilikuwa na harufu mbili kwa wakati mmoja: dizeli, na maziwa yaliyokaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Hata leo nikinusa moja bila nyingine naona kama kuna mtu ametoka chumbani na hajarudi. Dizeli ilikuwa ya Baba, Mzee Shabani, fundi wa magari, Mrangi wa Kondoa ambaye hata nguo zake za Ijumaa zilinuka gereji. Maziwa yalikuwa ya Koko Nashipai, bibi wa Kimasai aliyeteremka kutoka upande wa msitu wa Ngorongoro na vibuyu vyake mgongoni, akabadilishana na Mama kwa mahindi. Siku za kawaida alifika asubuhi. Mwezi wa Ramadhani alifika alasiri, kwa kuwa alikwisha kutujua kwamba sisi "tunakula usiku kama fisi", ndivyo alivyosema, kisha akacheka mwenyewe mpaka mapambo ya masikioni yakacheza. Sisi watoto tulimwinamishia vichwa, akatugusa utosini mmoja mmoja kwa kiganja kinachonuka moshi, ndipo tukaendelea na utundu wetu.

Tulikaa ukingoni mwa Karatu, kando ya barabara ya udongo mwekundu inayopanda kwenda Ngorongoro. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, na baadhi ya walowezi wa mashamba ya kahawa walikuwa wanafunga virago. Mmoja wao, Mdachi aliyependa kufanya kila kitu kwa mikono yake, alimwachia Baba nyumba yake ndogo kwa sababu Baba alimfufulia trekta ambalo mafundi wengine walikwisha kulisomea hitima. Nyumba ilikuwa na veranda, ghala, jiko la peke yake upande wa pili wa ua, na kitu kilichomkosesha Baba usingizi kwa furaha: gereji ya mabati yenye shimo la kuingilia chini ya gari. Tena ilikuwa na umeme. Umeme, jamani, Karatu ile ya vibatari! Jenereta lilikaa kwenye kibanda chake nyuma ya ghala, na likiwashwa liliunguruma hivi kwamba kumwita mtu aliye jikoni ilikuwa sawa na kumwita aliye Mbulu. Kutoka hapo nyaya zilipanda darini, zikapotea, zikaibuka chumba kingine, zikapotea tena, kama mtoto aliyetumwa dukani akapitia kwa shangazi zake wote. Mdachi alizifunga mwenyewe, akazielewa mwenyewe, kisha akapanda meli kurudi kwao. Hakuna aliyefikiria kumwuliza.

Ili uelewe kwa nini nyaya hizo zilikuwa jambo zito kwangu mimi Hawa, binti wa darasa la tatu, yafaa ujue kwamba kabla ya nyumba ile sikuwa na baba wa kila siku. Nilikuwa na baba wa Idi. Alifanya kazi kwenye gereji ya tajiri mmoja Arusha. Alikuja na begi la turubai na mkate wa sukari, mdogo wangu Jumanne akamkimbia kama anavyokimbia wageni, na Jumanne alipoanza kumzoea, lori la kurudi Arusha lilikuwa limeshapiga honi barabarani. Baba aliumia sana kwa hilo. "Asiyekuwepo na lake halipo," alimwambia Mama siku moja mbele yetu. "Watoto wangu wananiita baba kwa kufundishwa." Ndiyo maana alipopata gereji yake nyumbani alirudi mbio, begi akalitupa juu ya kabati akaapa halitashuka tena. Nakumbuka asubuhi ya kwanza niliyoamka nikamsikia anakohoa uani na kupiga mluzi. Nilibaki kitandani nikisikiliza tu. Niliogopa kuamka nisije nikaimaliza raha ile upesi.

Kazi ilikuwepo. Magari ya watalii na malori yalishuka kutoka kreta jioni yakichechemea, na madereva walitaka yawe yamepona alfajiri. Betri zilizokufa zilitaka kuchajiwa. Kwa hiyo Baba alihitaji taa, na alihitaji umeme wa kuaminika. Wa gari aliujua kama kiganja chake, lakini wa nyumba ulikuwa lugha nyingine kabisa, na hapo ndipo vituko vilipoanza. Angewasha taa iliyo juu ya meza yake ya kazi, ainamie injini, mara giza. Angebonyeza swichi, mwanga ukarudi. Akiinama tena, giza. Kule jikoni, Mama, ambaye hakuweza kuvumilia kuona dizeli ikiungua bure, alikuta taa imejiwakia yenyewe mchana kweupe, akaizima. Akigeuka, imewaka. Akaizima tena huku akisonya. Kila mmoja alilaumu jenereta, na kwa ule mngurumo hakuna aliyesikia malalamiko ya mwenzake.

Lakini mkosaji mkuu alikuwa jiliwa, lile dude zito la kubania vyuma wakati wa kuvikata. Baba alilibeba kutoka Arusha kama watu wanavyobeba kitanda cha ndoa, akalikaza kwa bolti ndefu zilizopenya meza mpaka ndani ya ukuta. Siku nyingine ulilishika kutwa nzima, likatulia. Siku nyingine lilikuuma! Mkono ulitetemeka mpaka begani na meno yakagongana. Kijana aliyekuwa anamsaidia Baba aliumwa mara moja tu, akavua ovaroli, akaondoka peku, wala hakurudi kuchukua viatu vyake. Habari zikaenea mpaka sokoni kwamba gereji ya Mzee Shabani ina jini. Ramadhani ilipoingia, jini huyo akawa na saa zake. Mama akianza tu kupika futari, jiliwa linauma. Siku moja Baba alitoka nje akipepea vidole, midomo imekauka kwa saumu, akavuka ua mpaka karibu na jiko, akapiga kelele: "Mama Hawa! Mimi nimefunga, hili dude lako linafuturu mkono wangu!"

"Langu tangu lini?" Mama alijibu kutoka mlangoni. "Mimi nimekuletea jiliwa?"

Baba hakuwa mtu wa kukubali jini kirahisi. Alizima swichi zote za nyumba, akawa anawasha moja moja na kukimbia chumba hadi chumba kuona kipi kimewaka, kisha anaandika kwa chaki kwenye mlango wa gereji. Chaki ilisema swichi ikitazama juu taa inawaka. Kesho yake swichi ileile ilitazama juu, na taa imezimika. Alifuta, akaandika upya, akafuta, mpaka ule mlango ukafanana na ubao wa darasa la kwanza. Madereva walikuja, wakatazama mlango, wakamtazama Baba mwenye masizi na chaki usoni, wakasema watapitia siku nyingine. Fundi wa umeme wa Arusha aliahidi kuja, na mpaka leo naamini yuko njiani.

Kisha dereva wa lori akaleta salamu za yule tajiri wa Arusha: nafasi ya Shabani bado ipo, ila Idi ikipita itapewa mtu mwingine. Baada ya sala ya alasiri nilimwona Baba amepanda kiti, akalishusha begi kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi. "Idi ikipita," alimwambia Mama, "kama mambo ni haya, nitarudi Arusha. Gereji isiyo na taa ni banda la kuku." Mimi nilikwenda ghalani, nikajificha nyuma ya magunia ya mahindi, nikalia mpaka kamasi zikanichoka. Nililichukia jiliwa kuliko nilivyomchukia mwalimu wa hesabu, na mwalimu yule, Mungu amrehemu, alikuwa na fimbo ya mzeituni.

Basi siku moja, Idi ikinusa mlangoni, Koko Nashipai alikuwa ameketi kizingitini mwa jiko akingoja mahindi yake. Ndani hakuingia tangu aione ile taa. "Moto haina moshi," alisema, "mimi hapana ingia." Mama alikuwa anakata vitunguu. Mimi, kwa ile akili ya kitoto ya kutaka kupitisha huzuni, nikamwuliza, "Koko, kwenu mna ng'ombe wangapi?" Ai! Aliniziba mdomo kwa mkono mzima.

"Hapana hesabu ng'ombe! Unataka ife?"

"Sasa mtajuaje kama mmoja amepotea?"

Akanicheka. "Jioni narudi wote. Wewe simama mlangoni, angalia. Nani hayupo? Basi, huyo ndiyo unatafuta."

Mama alikuwa Mwiraqw, amekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake upande wa Mbulu kabla hajaolewa na kusilimu, na kwao ilikuwa vivyo hivyo: mzee alisimama langoni, macho yakapita mara moja, akasema tu yule mwenye baka hajaja. Niliona kisu kimesimama juu ya kitunguu. Mama alinyanyuka, akajifuta mikono, akavuka ua mpaka gereji, na mimi nyuma yake.

"Baba Hawa," alisema, "wewe unaleta ng'ombe mmoja mmoja na kumwuliza jina. Hawakujibu. Waingize wote zizini. Washa taa zote za nyumba hii. Halafu swichi mtu asiziguse. Toa fyuzi moja, sisi tutazame nani hayupo."

"Mama Hawa, umeme si ng'ombe."

"Kweli si ng'ombe. Ng'ombe hawajapata kumfukuza mwanamume kwake."

Baba aliweka chaki chini. Kisha, na hili ndilo lililonifanya nimpende siku zote, alicheka. "Haya, mchungaji," alisema. "Panga watu wako."

Mama aliwapanga kweli. Ubao wa fyuzi, wenye vile vikombe vya kauri vya Mdachi, ulikuwa veranda, na huko akamweka Baba. Yeye mwenyewe alisimama katikati ya ua, mahali anapoiona milango yote. Watoto wa jirani waliingizwa vyumbani na ghalani, Jumanne akapewa jikoni, na kwa kuwa jenereta lingemeza sauti zetu, kila mmoja alipewa kanga. Taa yako ikikosekana, unatokeza mlangoni na kupepea. Koko alikataa katakata kuingia popote, lakini hakukubali kuachwa nje ya mchezo, akakaa kwenye dirisha la chumba cha mbele, jicho moja ndani, shuka yake nyekundu tayari mkononi. Kisha Mama akasema jambo ambalo Baba alilisimulia mpaka uzeeni. "Na yule anayeuma naye aje. Akose nini hata asihudhurie?" Baba akakamata taa yake ya kupimia, globu yenye nyaya mbili, akafunga waya mmoja kwenye jiliwa na mwingine kwenye nondo aliyoipigilia ardhini, akapamwagia maji ili ardhi ipitishe umeme. Globu ikawaka kwa unyonge, nyekundu kama jicho la mtu mwenye mafua. Jini amehudhuria. Kumlinda huyo nilipewa mimi.

Jamani, sijawahi kupata cheo kikubwa kama kile. Nilisimama mlangoni mwa gereji na kanga ya Mama ya buluu, macho hayapepesi, tumbo linaunguruma kushindana na jenereta, maana nilikuwa nimefunga siku nzima kwa mara ya kwanza ili Mungu anisikilize habari ya begi. Baba alitoa fyuzi ya kwanza. Kanga zikapepea vyumba vya kulala, watoto wakaruka kana kwamba wamefunga goli. Akarudisha, akatoa nyingine. Ghala likapepea. Nyingine, na shuka nyekundu ya Koko ikapaa dirishani, mwenyewe akipiga kelele iliyoshinda jenereta, "Hayupo! Hayupo huyu!" Jiliwa langu lilikuwa bado linanikodolea. Nikaanza kuogopa kwamba kweli ni jini, maana jini hana fyuzi. Baba akatoa nyingine tena. Globu ikafa. Nilipepea kanga mpaka ikanitoka mkononi, nikaifuata mavumbini, na nilipoinua kichwa nikaona kwamba kule ng'ambo ya ua, mlangoni mwa jikoni, Jumanne naye anapepea kama mwendawazimu.

Mama alinitazama mimi, akamtazama Jumanne, akaniangalia tena. Akamwashiria Baba arudishe. Jicho jekundu likafumbuka, na Jumanne akashusha kanga. Toa. Tukapepea wote wawili. Ndipo Mama akaenda mwenyewe jikoni, akabonyeza swichi ya ukutani, na mbele ya macho yangu taa ya gereji na jicho la jiliwa vikazimika pamoja. Nikapepea. Baba, aliyekuwa amekwisha kuja kusimama nyuma yangu, akabonyeza swichi yake ya gereji, vikawaka, na kule jikoni mwanga ukarudi juu ya kichwa cha Mama. Walitazamana ng'ambo ya ua ule. Muda wote huo, kumbe Mdachi alikuwa amewaunganisha: taa mbili, ya jikoni na ya meza ya kazi, na swichi mbili, huku moja na kule moja, yeyote akigusa yake anamgusa mwenzake. Mama alikuwa anamzimia Baba, Baba anamwashia Mama, na wote wawili wanamlaani jini.

Bado jiliwa. Baba alizima jenereta, kimya kikatuangukia, akapanda dari la jikoni na kuufuata ule waya kwa mikono, darini, nje kwenye nguzo, ndani ya gereji, ukashuka nyuma ya ubao wa ukuta hadi kwenye meza. Akalegeza bolti ndefu ya jiliwa. Akaivuta polepole, na ikatoka na vipande vya mpira mweusi kwenye ncha yake. Ile bolti aliyoikaza yeye mwenyewe, kwa nguvu zake zote na kwa fahari kubwa, ilikuwa imeuchoma waya wa Mdachi ubavuni.

Baba aliketi chini palepale kwenye mafuta. Nilidhani analia. Mabega yalitikisika, kisha sauti ikatoka, na ilikuwa ni kicheko, kile cha kukosa pumzi. "Yule Mdachi nimemtukana mpaka mama yake," alisema. "Mwezi mtukufu!" Mama alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema, na kweli hakumwambia pole. Ila aliingia, akamfuta masizi usoni kwa ncha ya kanga mbele yetu sote, jambo ambalo sikuwahi kuliona na wala sikulizoea baadaye. Koko, aliyeelezwa kisa kizima kwa vidole zaidi ya maneno, alikiambia kibuyu chake kwa Kimaa, lugha ya kwao, jambo lililomfurahisha mno, kisha akatutafsiria: "Mzee anatafuta fisi, mkia ndani ya shuka yake!" Kabla ya adhana ya magharibi waya ulikuwa umefungwa upya na jiliwa limehamishiwa upande mwingine wa meza. Baba alilishika kwa mikono yote miwili, taa ikiwaka juu yake. Likatulia kama kondoo.

Idi ile Baba hakwenda popote. Madereva walirudi mmoja mmoja, na yule kijana alirudi akachukua viatu vyake na kazi yake. Begi la turubai Mama alilitupa kwenye kibanda cha kuku, na tetea mmoja mwekundu akalipenda, akatagia humo mpaka turubai likaoza. Ule waya wa Mdachi hawakuutenganisha, ingawa Baba sasa alijua namna. Futari ikiwa tayari, Mama alizima na kuwasha swichi ya jikoni, taa ya gereji ikakonyeza, na Baba akakonyeza kutoka kwake kumaanisha nakuja. Akizidiwa na njaa, yeye ndiye aliyeanza, na mara mbili. Walizungumza hivyo miaka na miaka, watu wawili ambao mbele ya wageni hawakushikana hata mkono.

Siku hizi Karatu inang'aa. Hoteli zimejipanga mpaka karibu na lango la Ngorongoro, umeme unatoka mbali nisikokujua, na ukikatika mji mzima unaguna kwa pamoja. Baba alitangulia, Mama akamfuata, Koko Nashipai alikwenda kabla yao wote. Jumanne aliendesha gereji mpaka magoti yakamgomea. Idi, tukikusanyika veranda, sihesabu watu. Nasimama mlangoni nikatazama, na nawajua wasiokuwepo. Juzi kijana fundi alikuja kubadilisha nyaya za nyumba nzima. Alipoona swichi mbili za taa mbili alicheka: "Bibi, hii tuitoe, siku hizi kila mtu ana simu." Nilimwambia aguse kingine chochote humu ndani, hata kitanda changu, lakini hiyo aiunge kama alivyoikuta.

Gereji sasa anayo mjukuu wangu, anayeitwa Shabani kwa jina la babu yangu wa gereji hiyohiyo, samahani, la baba yangu. Umri huu ulimi unatangulia. Jana jioni nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, harufu ya dizeli ikiingia mlangoni kama kawaida yake, mara taa ikazimika juu ya kichwa changu, ikawaka. Ikazimika tena, ikawaka. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mengi walisema kweli. Nilijifuta mikono, nikaifikia swichi, nikamkonyeza.

"Subiri, Baba," nikasema. "Kinaiva."